Bunge Linaposhika Chaki

Mwaka 2023 Bunge la jimbo la North Dakota nchini Marekani lilipitisha sheria inayozitaka shule za umma, zinapofundisha ukuaji wa binadamu, ziwaonyeshe wanafunzi video yenye ubora wa juu, isiyopungua dakika tatu, ya jinsi ubongo, moyo, viungo vya uzazi na viungo vingine muhimu vinavyoumbika mimba ikiwa bado changa. Mwaka uliofuata Tennessee ikatunga sheria ya aina hiyohiyo na kwenda hatua moja mbele: ikaitaja kwa jina, kama mfano wa kinachotakiwa, video iitwayo Meet Baby Olivia, iliyotengenezwa na Live Action, shirika linalopigania kukomeshwa kwa utoaji mimba. Mwaka 2025 majimbo mengine yakajiunga, Indiana, Iowa na Kansas yakiwa miongoni mwao. Kule Kansas gavana aliukataa muswada kwa kura ya turufu, na Bunge likaipangua turufu yake.

Habari hizi zimepokewa kana kwamba ni mwendelezo tu wa ugomvi wa Wamarekani kuhusu utoaji mimba. Upande mmoja unashangilia, mwingine unalaani, na msomaji aliye mbali anahesabu majimbo kama anayehesabu magoli. Usomaji huo unapitwa na jambo kubwa zaidi. Ondoa mimba katika sheria hizi, weka mada nyeti yoyote uitakayo, iwe hedhi, ukimwi au ridhaa, na swali litabaki lilelile: je, kazi ya Bunge ni kusema kitu gani kifundishwe na kwa kipimo gani cha ukweli, au ni kuchagua picha, maneno na dakika za kipindi chenyewe? Hoja yangu ni kwamba Bunge lina haki kamili ya kufanya la kwanza, na kila linapofanya la pili linaharibu hata kile lililotaka kukilinda. Nasema hivi nikijua kuwa hoja hii inawagusa pia wabunge ambao kwa siasa zao ningewaunga mkono.

Mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye mfumo wenyewe. Marekani haina mtaala wa taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2015 inaikataza serikali ya Washington kuyapangia majimbo cha kufundisha. Elimu ni ya majimbo 50, na chini yake kuna wilaya za shule zipatazo 13,000, kila moja na bodi yake, nyingi zikiwa bodi za kupigiwa kura. Kwa kawaida Bunge la jimbo hutaja somo, idara ya elimu huandika viwango, bodi hupitisha vitabu, naye mwalimu hupanga kipindi. Katika hesabu na kemia ngazi hizi huheshimiana, angalau kwa kiasi. Ukifika mwili wa binadamu, Bunge huziruka zote na kutua mbele ya ubao. Matokeo yake ni ya kushangaza: chini ya nusu ya majimbo ndiyo yanayodai kisheria kwamba elimu ya uzazi iwe sahihi kitabibu, ilhali mengi yana vifungu vinavyoeleza kipi kisisitizwe na kipi kisiguswe. Tume ya mitihani ya kemia ingecheka.

Mchezo huu si mpya. Mwaka 1925 Tennessee hiyohiyo ilipiga marufuku kufundisha katika shule za umma kwamba binadamu ametokana na viumbe wa daraja la chini. Mwalimu John Scopes akashtakiwa, akatiwa hatiani, akatozwa faini ya dola 100, ingawa hukumu ilikuja kutenguliwa kwa kasoro ya utaratibu. Kinachosahaulika ni kwamba kitabu cha biolojia kilichotumika kilikuwa kimeidhinishwa na jimbo lenyewe, na mageuko yalikuwamo ndani yake. Yaani dola ilimkabidhi mwalimu kitabu, kisha ikamkamata kwa kukifungua. Sheria ile ilidumu hadi 1967. Kesi yenyewe iliisha ndani ya majuma mawili. Athari iliyodumu ilikuwa kwa wachapishaji, ambao kwa miaka mingi walilififisha neno mageuko, au walilifuta kabisa, katika vitabu walivyouza hata kwenye majimbo yasiyokuwa na katazo lolote. Mchapishaji hasubiri kushtakiwa. Anasoma upepo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 1996. Ndani ya sheria ya kurekebisha misaada ya ustawi wa jamii, Bunge la shirikisho lilitenga dola milioni 50 kwa mwaka kwa ajili ya kufundisha vijana kujizuia hadi ndoa. Halikuishia kwenye fedha. Liliandika vipengele vinane vya kinachopaswa kufundishwa, kimojawapo kikiwa kwamba ngono nje ya ndoa ina uwezekano wa kuleta madhara ya kisaikolojia na kimwili. Mwaka 2004 mbunge Henry Waxman alitoa ripoti iliyokagua mitaala 13 iliyokuwa ikitumiwa na wapokeaji wa fedha za shirikisho za elimu ya aina hiyo, na 11 kati yake ikakutwa na makosa au upotoshaji. Mmoja ulidai kuwa jasho na machozi yanaweza kueneza VVU. Kisha mwaka 2007 ikaja tathmini ya taasisi ya Mathematica, iliyofanywa kwa agizo la Bunge lenyewe, ikiwafuatilia vijana zaidi ya 2,000 katika programu nne. Waliopitia programu na wasiopitia walikuwa sawasawa: yapata nusu ya kila kundi hawakuwa wameanza ngono, na walioanza walianza kwa wastani wa umri uleule. Haki isemwe pia kwa upande wa pili, maana tathmini hiyohiyo haikukuta kwamba waliofundishwa kujizuia tu walikuwa wazembe zaidi kwenye kinga, jambo ambalo wakosoaji walikuwa wakilihofia. Si faida iliyoahidiwa iliyopatikana, wala si balaa lililotabiriwa. Kilichoteketea ni fedha na muda wa vipindi.

Kilichonivutia katika kisa hicho ni kasi ya kusahihisha. Kitabu chenye kosa hupata toleo jipya, na mwalimu aliyekosea Jumatatu hujirekebisha Jumanne. Kosa lililoingia katika sheria linahitaji muswada, kamati, kura na sahihi, na mwanasiasa aliye tayari kusimama hadharani kukiri kwamba kura yake ya awali ilikuwa na walakini. Wa mwisho huyo ni adimu. Sayansi inakwenda kwa kujisahihisha. Sheria inakwenda kwa kudumu. Ukiifunga ya kwanza ndani ya ya pili, itabidi uishi na makosa ya siku uliyoifunga.

Turudi kwenye video. Bishano zito zaidi limekuwa juu ya wiki, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Madaktari na wakunga huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa ndiyo tarehe ambayo mwanamke anaweza kuitaja. Kwa hesabu hiyo mimba ni wiki 40. Meet Baby Olivia inahesabu kuanzia utungisho, yaani yai linaporutubishwa, takriban wiki mbili baadaye. Wataalamu wa embriolojia, sayansi ya ukuaji wa kiinitete, nao huhesabu hivyo, wala hawakosei. Moyo wa kiinitete huanza kudunda yapata siku ya 22 baada ya utungisho: mwana embriolojia atasema wiki tatu na siku moja, mkunga atasema wiki tano na siku moja, na wote wawili wanazungumzia dunda lilelile. Lakini kijana anayeambiwa wiki tatu bila kuelezwa kuwa saa imewashwa lini anaondoka na namba itakayomchanganya siku atakapokaa mbele ya mkunga. Na katika majimbo ambako sheria ya utoaji mimba imewekewa kikomo cha wiki sita kwa hesabu ya madaktari, anayedhani hesabu inaanzia kwenye utungisho atajiona ana wiki mbili ambazo kwa kweli hana.

Mwalimu wa biolojia anayejua kazi yake angelimaliza jambo hili kwa dakika tano na kipande cha chaki. Angechora mistari miwili ubaoni, mmoja ukitangulia mwingine kwa siku 14, na kuwauliza wanafunzi kwa nini watu wawili wenye akili timamu wanahesabu tofauti. Somo zuri sana, kwa kweli. Linafundisha mwili na linafundisha pia jinsi vipimo vinavyotengenezwa. Tatizo ni kwamba video ikishatajwa na sheria, mwalimu anayesimama baada yake na kusema “hebu tuiangalie tena hii hesabu” hana uhakika kama anafundisha au anapingana na Bunge. Wengi watazima projekta na kuhamia mada inayofuata.

Watetezi wa sheria hizi wana hoja tatu, na dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba hii ni sayansi tu, na anayeipinga anaogopa ukweli. Kama ni sayansi tu, imefuata nini Bungeni? Sijasikia jimbo lililotunga sheria ya dakika ngapi mtoto atazame usanisinuru, wala lililotaja kwa jina video ya figo. Mtunga sheria anayechagua urefu wa video na kutaja mtengenezaji wake anafanya hivyo kwa sababu anajua kwamba picha hubeba ujumbe ambao maelezo ya kawaida ya kitabu hayaubebi. Asingelijua hilo, asingehangaika. Kusema hivyo si kudai kwamba ukuaji wa kijusi usifundishwe. Ufundishwe, na kwa undani kuliko unavyofundishwa sasa. Kijana anayemaliza sekondari bila kujua mimba inavyokua ameibiwa. Ila afundishwe na mtu anayeruhusiwa kujibu swali la pili na la tatu.

Hoja ya pili ina uzito. Shule ya umma inaendeshwa kwa kodi, watoto wanalazimishwa na sheria kuhudhuria, na wanaoandika viwango vya masomo hawakupigiwa kura na mtu. Ni nani basi mwenye haki ya kuamua ikiwa si wawakilishi wa wananchi? Jibu la mkato la wapinzani, kwamba wanasiasa watoke darasani, halisimami. Shule yenyewe ni zao la sheria. Zaidi ya hapo, wasemaji wa jibu hilo hulisahau pale Bunge linapotunga wanalolipenda. Mwaka 2015 California ilipitisha sheria inayozitaka shule zitoe elimu kamili ya afya ya uzazi na kinga ya VVU angalau mara moja katika shule ya kati na mara moja sekondari, na iwe sahihi kitabibu. Sikuwasikia wakilia kwamba siasa imeingia darasani. Sharti la usahihi nalikubali bila kusita. Lakini sheria ileile ina orodha ndefu ya vipengele vinavyotakiwa, nayo imeshaongezewa vingine tangu hapo, na orodha inayokua kwa kura ni orodha ambayo kundi lolote lenye wabunge wa kutosha linaweza kuikata au kuirefusha. Aliyefungua mlango huo kwa nia njema hawezi kuchagua nani apite baada yake.

Hoja ya tatu ni ya wazazi, na wanaoibeza wanakosea. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mzazi anayetaka kujua mwanawe anaonyeshwa nini hafanyi ukorofi. Sheria ya Indiana ya mwaka 2025, ambayo kwenye video naipinga, ina kifungu ninachokiona chema: vifaa vyote vya elimu ya jinsia vipitishwe na bodi ya shule na viwekwe wazi kwenye tovuti ili mzazi avisome. Sheria moja, kifungu kimoja kinafungua dirisha na kingine kinashika kalamu ya mwalimu. Hoja ya wazazi inapoanza kuyumba ni pale inapogeuka kuwa hoja ya kunyamaza, kwamba kwa kuwa mada ni ya nyumbani, basi shule isiiguse. Wapo watoto ambao mtu anayewadhuru anaishi ndani ya nyumba hiyohiyo. Na wapo wengi zaidi ambao nyumba ni njema, ila haina maneno.

Kunyamaza nako kunafundisha. Nikiwa mwanafunzi, mwalimu wetu wa biolojia alipofika kwenye mfumo wa uzazi alisema tutausoma wenyewe, akafungua sura iliyofuata. Zilikuwa kurasa pekee za kitabu kile zilizosomwa na darasa zima, na hakuna aliyethubutu kuuliza kitu. Kilichotuingia siku ile ni kwamba kuna sehemu ya mwili ambayo mtu mzima mwenye shahada anaiogopa.

Mwaka 2023, Florida ilipokuwa inajadili muswada wa kubana mafunzo ya masuala ya jinsia yaanzie darasa la 6, mbunge mmoja aliuliza iwapo msichana wa darasa la 4 au la 5 aliyepata hedhi ya kwanza angezuiwa kuizungumza shuleni. Mdhamini wa muswada akajibu kuwa ndivyo ingekuwa, kisha baadaye akaeleza kwamba nia haikuwa kuwaadhibu wasichana. Muswada ukawa sheria. Wastani wa umri wa hedhi ya kwanza nchini Marekani ni takriban miaka 12, maana yake wapo wanaoanza wakiwa na 9 au 10, miezi mingi kabla ya darasa lililotajwa. Naamini kabisa kwamba mdhamini yule hakuwa na nia mbaya. Lakini mwalimu wa darasa la 5 hana nia ya mdhamini mezani kwake, ana maandishi ya kifungu, na mtoto analia chooni.

Jambo hili la woga lina ushahidi mzuri zaidi Uingereza kuliko Marekani. Kifungu cha 28 cha sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1988 kilizikataza mamlaka za mitaa “kukuza” mapenzi ya jinsia moja. Kisheria kililenga halmashauri, si mwalimu darasani. Kilifutwa Scotland mwaka 2000, England na Wales mwaka 2003, na katika miaka yote hiyo hakuna halmashauri hata moja iliyofikishwa mahakamani kwa kukivunja. Ukiangalia rejista za mahakama utasema kifungu kilikuwa karatasi tupu. Waulize waliokuwa walimu wakati ule, watakwambia walinyamaza hata mwanafunzi alipokuwa akionewa mbele yao, kwa sababu hakuna aliyejua neno “kukuza” linaishia wapi. Neno lisilo na mpaka halihitaji askari.

Nchi hiyohiyo baadaye ilijaribu njia nyingine, na hii ndiyo inayonishawishi. Sheria ya mwaka 2017 ya Bunge la Uingereza ilisema kwa ufupi kwamba shule za England zitafundisha elimu ya mahusiano katika msingi, na elimu ya mahusiano na jinsia katika sekondari. Utekelezaji ukaanza Septemba 2020, pamoja na elimu ya afya. Mambo ya ndani yakaachwa kwenye mwongozo wa wizara ambao shule zinapaswa kuuzingatia na ambao unaweza kuandikwa upya. Mzazi anaweza kuomba mtoto asishiriki sehemu ya elimu ya ngono, ila si ile ya mahusiano, na mtoto akikaribia miaka 16 anaweza mwenyewe kuamua kuhudhuria. Mwaka 2024 serikali ya chama cha Conservative ilitoa rasimu ya mwongozo yenye mipaka mikali ya umri. Serikali ikabadilika, na mwongozo uliotoka Julai 2025 ukaiacha mipaka hiyo huku ukisisitiza wazazi waonyeshwe vifaa. Utasema nao wanayumba na upepo wa siasa. Ni kweli. Lakini wanaugeuza mwongozo bila kuigusa sheria, na mwalimu aliyetumia mwongozo wa zamani jana hafanywi mhalifu leo. Hoja kwamba njia hii inampa waziri madaraka mengi mno ina mashiko, na sina jibu lake zaidi ya kusema kwamba waziri hujibu maswali Bungeni, na video haijibu.

Kwa majimbo ya Marekani, kinachofuata hakitaamuliwa na mabunge peke yake. Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua katika kesi ya Mahmoud dhidi ya Taylor, iliyotoka kaunti ya Montgomery, Maryland, kwamba wazazi wenye pingamizi la kidini wana haki ya kuwatoa watoto wao darasani vinaposomwa vitabu vya hadithi vyenye wahusika wa mapenzi ya jinsia moja. Waliotunga sheria za video wanaweza kuiona hukumu hiyo kama ushindi wao. Waisome tena polepole. Msingi wake ni uhuru wa dini, wala haisemi dini ipi. Zipo dini na madhehebu, baadhi yao makubwa, yenye mafundisho yao kuhusu uhai huanza lini na mama ana nafasi gani, yasiyofanana na ujumbe wa Meet Baby Olivia, na waumini wao wanalipa kodi Tennessee na Kansas kama wengine. Mzazi wa kwanza atakayeandika barua kuomba mwanawe atoke kwa zile dakika tatu atakuwa ametumia mlango uleule. Mwalimu mkuu atalazimika kuamua mtoto huyo akae wapi, afanye nini, na kama swali la ukuaji wa kijusi likija kwenye mtihani, alijibu kwa hesabu ya nani.